Ukitumwa kufuatilia Bunge la Bajeti, nenda Dodoma mwezi wa nne

Wadogo zangu mnaoanza kuripoti Bunge la Tanzania, nanyi mlioajiriwa kwenye asasi zinazochambua bajeti, nianze na kalenda. Watu wengi huanza kufuatilia Bunge la Bajeti siku Waziri wa Fedha anaponyanyua mkoba wake mwezi Juni. Siku hiyo ina uzito wake, lakini ukiisubiri, fedha za shule, zahanati, maji na barabara za wilayani zitakuwa zimeshajadiliwa na kupitishwa wiki nyingi kabla. Zamani mkutano ulianza Juni ukaenda hadi Agosti, ilhali mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mwaka 2013 ratiba ikageuzwa: wizara zinaanza kupita Aprili, hotuba kuu inasomwa Juni, na shughuli yote inatakiwa kukamilika kabla ya Juni 30. Kwa hiyo anayefika Juni anakuta kodi, tozo na jumla kuu. Huduma zilishapita.

Tena huduma zenyewe usizitafute kwa jina la wizara. Hapa ndipo wageni wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mtu anataka kujua habari za madarasa ya shule za msingi. Anafungua Fungu 46, yaani sehemu ya Wizara ya Elimu katika vitabu vya bajeti, anakuta vyuo vikuu, mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, vyuo vya ualimu na mitihani, halafu anaandika kwamba madarasa yamesahauliwa. Shule za Serikali za msingi na sekondari ziko chini ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), Fungu 56, pamoja na mafungu ya mikoa ambamo fedha za halmashauri hupita. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ni vivyo hivyo. Wizara ya Afya, Fungu 52, inashika sera, hospitali za rufaa, chanjo na mambo ya dawa. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS chini ya Wizara ya Ujenzi, lakini ile barabara ya vumbi inayomfikisha mkulima sokoni ni ya TARURA, wakala ulioanzishwa 2017, nao uko TAMISEMI. Maji ya vijijini yalienda upande mwingine: tangu 2019 yako RUWASA, chini ya Wizara ya Maji, baada ya kuwa kazi ya halmashauri kwa miaka mingi.

Ukishaijua ramani hiyo utaona kwa nini mjadala wa TAMISEMI, ambao kwa kawaida huja mwanzoni baada ya ule wa Ofisi ya Waziri Mkuu, ndio mjadala mkubwa wa huduma za wananchi katika mwaka mzima. Kama ofisi yako ina fedha za kukuweka Dodoma wiki moja tu, omba iwe wiki hiyo.

Jambo linalofuata ni miaka. Ukumbini huzungumzwa miaka mitatu kwa wakati mmoja, na msemaji hakuambii anahama lini. Chukua Aprili 2025. Ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, waliyokuwa nayo wabunge ilihusu mwaka wa 2023/24. Mawaziri walieleza utekelezaji wa 2024/25, mwaka ambao ulikuwa bado haujaisha. Fedha walizoomba zilikuwa za 2025/26. Mbunge huanza na hoja ya ukaguzi, akaingia kwenye mradi uliokwama mwaka huu, akamalizia na ombi la mwaka ujao, kengele ikalia. Mwandishi asiyekuwa makini anachanganya yote matatu kwenye aya moja na kumfanya waziri aonekane ameiba fedha ambazo hata hazijaidhinishwa. Kwenye daftari lako chora safu tatu, kila mwaka na safu yake, na kila tarakimu inayotajwa iingie mahali pake kabla hujaifanyia lolote.

Safu ya katikati, ya mwaka unaoishia, ndiyo ninayowasihi muishikilie kuliko zote. Ibara ya 63 ya Katiba inalikabidhi Bunge kazi ya kujadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa mkutano wa bajeti. Hivyo anayeuliza fedha za mwaka huu zimefanya nini hajatoka nje ya mada, yuko katikati kabisa. Kila hotuba ya waziri ina sehemu, mara nyingi kurasa chache tu, inayotaja fedha zilizoidhinishwa na fedha zilizopokelewa hadi Februari, Machi au Aprili. Isome hiyo kabla ya kugusa maombi mapya. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, mradi wa maji uliidhinishiwa bilioni 40, na hadi mwisho wa Machi zimetoka bilioni 12. Hiyo ni asilimia 30, wakati robo tatu za mwaka zimeshapita. Mwaka ujao wizara inaomba bilioni 45 kwa mradi uleule. Kichwa cha habari kitakachokujia haraka ni kwamba bajeti ya maji imepanda. Kwa mwananchi anayesubiri bomba, habari ni ile asilimia 30.

Lakini uwe mwadilifu pia kwa upande wa pili. Asilimia 60 hadi Machi peke yake si ushahidi wa uzembe. Fedha za ndani hutegemea makusanyo ya mwezi, na fedha za nje hufuata masharti ya mkopo au msaada, zikaweza kuchelewa kisha zikaingia kwa mkupuo. Tenganisha ndani na nje, tenganisha mishahara na matumizi mengineyo, tenganisha matumizi ya kawaida na maendeleo. Mishahara karibu kila mara hutoka. Pengo lipo kwenye maendeleo, na huko ndiko kwenye madarasa na visima. Uliza vilevile ni kiasi gani cha fedha mpya kitaenda kulipa kazi za zamani. Mkandarasi aliyewasilisha hati ya madai mwaka jana analipwa na bajeti ya mwaka huu, tena mara nyingine pamoja na riba ya ucheleweshaji, jambo ambalo CAG amelieleza katika ripoti zake. Barabara mpya kwenye karatasi inaweza kuwa deni la barabara ya zamani.

Ongezeko kubwa ndilo linalotaka uangalizi zaidi. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilitoka takriban bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka 2022/23. Ni uamuzi mkubwa, na nilifurahi kuuona, maana kwa miaka mingi wabunge walikuwa wakililia Azimio la Maputo la 2003 ambamo nchi za Afrika ziliahidi asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Kwenye afya utasikia Azimio la Abuja la 2001, asilimia 15. Ukisikia maazimio haya yakitajwa, fanya hesabu mwenyewe, na useme unagawanya kwa nini. Bajeti ya Taifa ya 2024/25 ilikuwa trilioni 49.35 na ya 2025/26 trilioni 56.49, lakini ndani yake kuna Fungu 22 la Deni la Taifa, ambalo hulipwa bila kungoja huduma yoyote. Asilimia inayotokana na jumla yote na ile inayotokana na kinachobaki baada ya deni hupishana sana, na kila upande huchagua inayoupendeza.

Kuhusu vitabu vya bajeti sitakuwa na mengi. Cha kwanza ni mapato, cha pili matumizi ya kawaida ya wizara, cha tatu mikoa, cha nne maendeleo. Fungu hugawanyika kuwa vifungu, vifungu kuwa kasma, yaani mstari wa matumizi mmoja mmoja. Ukibahatika kupata randama ya wizara, itunze, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa maneno kile ambacho kitabu kinasema kwa namba tu.

Sasa ukumbini. Utasikia mbunge akisema atashika shilingi ya waziri, na jukwaa la wageni huchangamka. Elewa kinachotendeka. Ibara ya 99 ya Katiba haimruhusu mbunge wa kawaida kuongeza matumizi wala kupandisha kodi. Pendekezo la namna hiyo lazima litoke kwa Rais na kuwasilishwa na waziri. Mbunge hawezi kusimama akasema kituo cha afya cha jimboni kwake kiongezewe bilioni moja, kikaongezewa. Anachoweza ni kusubiri Bunge likae kama Kamati ya Matumizi, kifungu chenye mshahara wa waziri kifikiwe, kisha atoe hoja ya kuondoa shilingi mpaka apate maelezo ya kuridhisha. Wenzake wanaweza kumuunga mkono na kuchangia, waziri anajibu, na mara nyingi shilingi inarudishwa.

Wapo wanaoandika kwamba huo ni mchezo wa kuigiza. Sikubaliani nao. Waziri anapobanwa pale hutamka jambo ambalo hotuba yake haikuwa nalo: tarehe ya mkandarasi kuingia kazini, mwezi wa walimu kuajiriwa, kiasi kitakachotolewa kabla ya Juni. Hilo linaingia kwenye Taarifa Rasmi, Hansard, na halifutiki. Andika maneno kamili aliyoyatumia, siku na kikao. "Tutalifanyia kazi" si ahadi. "Mkandarasi ataingia Septemba" ni ahadi, na Septemba unayo kazi ya kufanya.

Kaa mpaka mwisho hata kama kiti kimechosha. Muda ukiisha, mwenyekiti hutangaza gilotini, na mafungu na vifungu vilivyobaki hupitishwa kwa kutajwa majina bila mjadala. Fedha nyingi za nchi hii hupita kwa njia hiyo. Kagua ni vifungu gani havikupata hata swali moja. Vile ambavyo hakuna aliyeviuliza ndivyo vinavyostahili macho yako.

Taarifa ya Kamati ya kisekta, inayosomwa baada ya hotuba ya waziri, wageni huitumia kama mapumziko ya chai. Msifanye hivyo. Kamati imepokea randama, imetembelea miradi kabla ya mkutano, imebishana na wizara pasipo kamera. Lugha yake ni ya upole, ila humo mnapatikana mambo kama kwamba ushauri wa mwaka jana haukutekelezwa, au kwamba mradi waliouona kwa macho haufanani na ulioandikwa. Umuhimu wake umeongezeka. Kambi Rasmi ya Upinzani inahitaji angalau asilimia 12.5 ya wabunge, na baada ya uchaguzi wa 2020 ikakosekana, na pamoja nayo zikakosekana hotuba za mawaziri vivuli, yaani wasemaji wa upinzani kwa kila wizara, na bajeti mbadala. Bunge lisilosikia hesabu ya pili limepungukiwa na kitu, chama chochote kiwe madarakani. Tafuteni Hansard za kabla ya hapo mzisome, mjue maswali yaliyokuwa yakiulizwa.

Michango ya wabunge kuhusu majimbo yao msiidharau. Daraja, gari la wagonjwa, nyumba ya mwalimu: ukizikusanya kwa siku nne unapata ramani ya upungufu ambayo huwezi kuipata kwenye jedwali lolote. Ila mchango ni madai mpaka uthibitishwe.

Juni ikifika, gawanya nguvu. Kura ya mwisho hupigwa kwa kuita majina, na matokeo yake hayashangazi, maana Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali. Muswada wa Sheria ya Fedha ndio unaotaka usiku wako. Mwaka 2021 tozo ya miamala ya simu ilipita Bungeni Juni, ikiweza kufikia shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, na wananchi wengi waliijua makato yalipoanza Julai. Kelele zikawa kubwa na Serikali ikaipunguza kwa asilimia 30 muda mfupi baadaye. Mwaka huohuo iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara za TARURA. Yote mawili yalikuwemo kwenye muswada, kwa maandishi, kabla ya kura. Msomaji wako anastahili kuyajua siku hiyo, kwa mfano wa mtu anayetuma fedha kijijini au anayejaza mafuta kwenye bodaboda.

Namba ziandikeni kwa umakini. Waziri akisema bilioni 1.2 na wewe ukaandika trilioni 1.2, hakuna masahihisho yatakayowafikia wote waliosoma. Linganisha na hotuba iliyochapwa, na ukikwama uliza, kwa kuwa maafisa bajeti wa wizara wapo Dodoma muda wote na wengi wao hujibu vizuri ukiwaendea kwa heshima na ukurasa mkononi. Swali lenye ukurasa na kasma hupata jibu. Swali la "bajeti imetosha?" hupata tabasamu.

Bunge likiahirishwa, usifunge daftari. Chukua ahadi zilizotoka kwenye Kamati ya Matumizi, zipange kwa halmashauri, kisha kuanzia Oktoba, robo ya kwanza ikiisha, mpigie mkurugenzi au mweka hazina wa halmashauri umuulize kimeingia kiasi gani, lini, kwa kasma ipi. Tazama na mbao za matangazo za ofisi za kata na vijiji, ambako mapokezi ya fedha yanatakiwa kubandikwa. Aprili inayofuata, waziri atakapofika kwenye ukurasa wa fedha zilizopokelewa, uwe umekaa na orodha yako pembeni, ukilinganisha mstari kwa mstari.