Gitaa la thamani likipasuka, weka msasa mbali

Gitaa zuri likianguka, legeza nyuzi zote hapo hapo. Nyuzi za chuma huvuta kwa takriban kilo 70, na ufa ukiachwa chini ya mvuto huo hurefuka. Kisha okota kila kibanzi kilichochomoka, hata kidogo vipi, ukitie kwenye bahasha. Kibanzi cha mbao ileile hakina mbadala.

Nasema hivi kwa sababu ya Martin D-18, gitaa la kampuni ya Kimarekani, la miaka ya 1960 aliloniachia marehemu ami yangu, baharia wa Mombasa. Lilianguka kutoka juu ya kabati, uso ukapasuka kuanzia darajani, kipande kinachoshika nyuzi, hadi ukingo wa chini. Fundi wa kwanza kuliona alitaka kupiga msasa uso mzima na kupaka vanishi mpya. Nilikataa, na ningekataa tena. Wanunuzi wa magitaa ya zamani hukata hata nusu ya bei wakiona vanishi si ya kiwandani, na msasa ukipunguza unene wa uso, sauti nayo hubadilika. Supagluu pia ikatae: hula vanishi ya zamani, na ikishakauka fundi wa baadaye hana njia ya kuitoa salama.

Kabla ya gundi, chunguza. Gonga uso polepole kwa kifundo cha kidole. Penye ufito (kijiti kinachoimarisha uso kwa ndani) ulioachia utasikia mtatariko. Ingiza kioo kidogo cha daktari wa meno na taa kupitia tundu la sauti, halafu pitisha karatasi nyembamba chini ya ufito: inapopenya ndipo gundi ilipokufa. Ukiwa humo, soma namba iliyogongwa kwenye gogo la shingo. Kwa Martin, namba hiyo hukupa mwaka wa kutengenezwa.

Niliyemkubali hatimaye ni fundi mzee anayetumia gundi itokanayo na ngozi za wanyama, ile ya kupashwa moto hadi nyuzi joto 60 hivi. Ubora wake ni kwamba kiungo hufunguka tena kwa joto na unyevu. Aliipaka juu ya ufa huku akibonyeza ubao juu na chini kwa kidole, ufa ukainywa gundi wenyewe, akafuta iliyozidi kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Kwa ndani akabandika viraka vya sprusi, mbao nyepesi ya nyuso za magitaa, vya milimita 2, nyuzi za mbao zikiukata ufa, akavibana kwa sumaku: moja ndani, nyingine nje juu ya kipande cha ngozi. Kazi safi sana.

Kwetu pwani hewa ni nyevu mno, na mbao iliyovimba huufumba ufa usionekane ulivyo. Kwanza liweke gitaa ndani ya kasha lake na vifuko vya silika mpaka unyevu ushuke kwenye asilimia 45 hadi 55, ndipo lipelekwe kwa fundi.

Kama lako ni Martin D-28 ya kabla ya 1969, mgongo wake ni mbao ya rozwudi ya Brazil. Usilivushe mpaka wa nchi kwenda kutengenezwa bila kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mbao hiyo inalindwa tangu 1992.

Likirudi, funga nyuzi nyepesi, zinazoanzia inchi 0.012, uzikaze pungufu ya kawaida kwa siku chache. Kila jioni jaribu kupenyeza karatasi nyuma ya daraja. Ikigoma kupenya, zipandishe.