WRX yagonga asubuhi: oili gani?

Kaka, nimekuelewa: Subaru WRX ya mkono wa pili, ukiiwasha asubuhi inagonga tak-tak, na fundi wako wa Changamwe, hapa Mombasa, anataka kutia 20W-50, oili nzito, ili kelele ife. Usikubali. Oili nzito huficha kelele, haitibu, na huchelewa kufika kwenye tabo (turbo) unapowasha.

Ilaze usiku, asubuhi fungua boneti, washa, sikiliza. Mlio ukififia injini ikipata moto, mara nyingi ni pistoni zinagonga silinda zikiwa baridi. Yangu nimeishi nayo hivyo miaka minne. Lakini ukizidi injini ikiwa moto, na ukikanyaga mafuta unagonga kwa uzito kama nyundo, zima papo hapo. Hiyo huenda ni beringi. Ita gari la kuvuta, usiiendeshe hata hadi Makupa, umpate fundi anayezijua injini hizi.

Oili, fuata kitabu cha gari; kwa nyingi ni 5W-30. Mimi, kwa joto letu na foleni ya Nyali, natia 5W-40 ya sintetiki, nabadilisha pamoja na filta kila kilomita 5,000. Na kijiti cha kupimia oili chomoa kila wiki, gari likiwa mahali tambarare: injini hizi hunywa oili, na ikishuka chini ya alama ya chini ya kijiti, beringi huungua.