Moto wa sigiri hauoshi karanga mbovu

Karanga zile nilizipata kwa bei ya kutupa, na hapo ndipo ningeshtuka. Ilikuwa mwezi wa Novemba, mvua inanyesha hapa Jinja, Uganda, karibu kila mchana, na bado kuna mtu sokoni ananipa debe zima la karanga zilizobanguliwa kwa bei ya nusu debe. Nikapakia kwenye boda hadi nyumbani Walukuba, nikamimina kwenye kavera (mfuko wa plastiki) nene jeusi, nikafunga fundo, nikasukuma kwenye kona ya jikoni, juu ya saruji. Nilihesabu kwamba mchuzi wa watoto umepatikana hadi Januari.

Baada ya majuma matatu nikafungua lile fundo. Harufu ilikuwa ya nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi. Karanga za juu zilionekana nzima, ila nilipoingiza mkono zaidi, vidole vikatoka na vumbi la kijani kama la mkate ulioharibika, na zile za chini kabisa zilikuwa zimeshikana. Nikasema basi, nitaziosha, nianike, nikaange, nisage. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tororo. Akanishika mkono.

"Mwanangu, hizo hata kuku usiwape."

"Lakini mama, nikizikaanga vizuri si moto utaua hiyo kuvu?"

"Moto utaua kuvu. Sumu yake imeshaingia ndani ya karanga, na hiyo haiogopi moto."

Tulichimba shimo nyuma ya nyumba tukazifukia. Sijui shuleni mama alifika darasa la ngapi, lakini alichosema ndicho nilichokuja kukisoma baadaye. Kuna kuvu za jamii ya Aspergillus zinazoota kwenye karanga, mahindi, mtama na muhogo mkavu ulioshika unyevu, nazo huacha sumu inayoitwa sumukuvu. Sumu hiyo hustahimili kuchemshwa na kukaangwa. Kukaanga hupunguza sehemu tu, hakuimalizi. Ukila kidogo kidogo miaka mingi, inaumiza ini na inaweza kuleta saratani ya ini. Ukila nyingi kwa mara moja, inaua haraka. Mwaka 2004 huko Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyoota kuvu, mengi yakiwa yameharibikia ndani ya nyumba zao wenyewe. Na Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hii, wengi hapa kwetu tulilalamika kuhusu biashara na malori. Mimi niliwaza zaidi yale mahindi yaliyobaki huku kwetu, kwamba ni sisi tutakaoyala.

Kwa hiyo ninapoulizwa kuhusu chakula cha afya, watu wanatarajia nianze na mafuta, chumvi na sukari. Hayo yana nafasi yake. Mimi naanza na unyevu, kwa sababu chakula kilichoharibika kabla ya kufika kwenye sufuria, sufuria haiwezi kukirudisha.

Kitu cha kwanza nilichoacha ni kununua unga wa karanga uliokwisha kusagwa. Najua unaokoa muda, na najua foleni ya mashine ya kusaga ilivyo Jumamosi. Lakini karanga ikishasagwa huwezi tena kujua ilikuwa na sura gani. Wapo wanaochambua nzuri wakaziuza nzima, halafu zile zilizosinyaa na kubadilika rangi zikapelekwa mashine. Ninanunua nzima, nachambua mwenyewe, nasaga kiasi cha juma moja. Unga hushika unyevu na kuchacha upesi kuliko karanga nzima.

Kuchambua tunafanya mimi na binti yangu, ungo katikati yetu, mlango wazi ili mwanga uingie. Tunatandaza safu moja tu, hakuna karanga kulalia nyingine. Tunatoa iliyokunjamana, iliyovunjika, iliyotobolewa na mdudu, yenye doa jeusi, na ile ambayo ganda lake jembamba limepauka wakati wenzake ni wekundu. Ukiipasua yenye shaka, mara nyingine unakuta katikati, pale penye kiini, pameota kijivu. Usione ni kazi ya bure: sumu hii haisambai sawasawa kwenye gunia, mara nyingi imejaa kwenye punje chache, na ukizitoa hizo umeondoa sehemu kubwa ya hatari. Si yote. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 kwa kilo, na hakuna jicho linaloona kitu kidogo hivyo. Ndiyo maana sinunui tena karanga za bei ya kushangaza wakati wa mvua, hata zikionekana nzuri kwa juu.

Kwa mahindi na maharagwe nina kipimo ambacho hakigharimu chochote. Chukua chupa ya kioo yenye kifuniko, kavu kabisa. Weka punje hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, halafu iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, punje zina unyevu wa zaidi ya asilimia 15. Zirudishe juani. Isipoganda, usifurahi mapema: kwa kuweka muda mrefu mahindi yanatakiwa yashuke hadi kama asilimia 13, kwa hiyo mimi huongeza siku nyingine ya jua. Na ninaanika juu ya turubai. Udongo una kuvu tayari, na usiku unarudisha unyevu.

Zikishakauka, zinaingia kwenye jerikani. Najaza hadi shingoni, nagonga chini mara kadhaa ili zishuke, najaza tena, nakaza kifuniko. Bungo, wale wadudu wanaotoboa punje, wanatumia ile hewa kidogo iliyobaki, ikiisha wanakufa, na wala sihitaji dawa. Kwa wenye magunia mengi kuna mifuko ya PICS, yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia, inafanya kazi kwa njia hiyohiyo. Ila usifungue kila siku kuchota. Weka akiba kwenye jerikani moja na ya kula kwenye nyingine. Na tafadhali, jerikani iliyowahi kubeba dawa ya shambani usiitumie hata ukiiosha mara kumi.

Mukene, yaani dagaa wa ziwani, ni habari nyingine. Hapa Masese, mwalo wetu wa Jinja, wanauzwa kila mahali, na kwa mtoto ni chakula kizuri sana, maana analiwa mzima na mifupa yake, na kalisi yote iko humo. Mukene mkavu anavunjika ukimkunja. Akipinda bila kuvunjika, bado ana maji, na ukimfungia kwenye kavera utamkuta amebadilika. Ninawaweka kwenye mfuko wa kitambaa, nimeutundika juu mbali na mvuke wa sufuria, na jua likiwaka nawatoa tena. Waliokaushwa kwenye chanja ni ghali kidogo kuliko wa mchangani, lakini mchanga haumshibishi mtu.

Sina friji, kwa hiyo chakula kilichopikwa nakiwekea mipaka. Maharagwe nayaloweka usiku, namwaga maji yale, na yanaiva kwa makaa machache zaidi. Yakibaki jioni nayachemsha hadi yatokote, nayafunika, na asubuhi yanatokota tena kabla ya kuingia kwenye katogo, ndizi zinazopikwa pamoja na mchuzi. Baada ya hapo yameisha. Wali sibakizi kabisa. Ukikaa nje usiku kucha kuna vijidudu vinavyozaliana humo na kuacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Ni jambo lilelile la karanga, kwenye sahani nyingine. Mboga za majani kama dodo na nakati nazinunua jioni, za kupikwa jioni hiyohiyo.

Jumamosi iliyopita binti yangu aliinua punje moja, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango. Kwangu ilionekana nzima. Akaipasua kwa ukucha, akanionyesha kijivu cha ndani, kisha akaitupa kwenye kopo la takataka na kuendelea na safu yake.