Onyesho la vipaji lilikuwa refu, watazamaji wakaondoka

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mlezi wa kikundi cha vijana hapa Korogwe. Mwezi uliopita tulifanya onyesho letu la kwanza katika ukumbi wa jamii, tukiwa na vijana wa umri wa miaka 9 hadi 17 na vipengele 16 vya ngoma, mashairi, vichekesho, mazingaombwe na sarakasi, ambavyo hakuna hata kimoja kilichozidi dakika 6. Tulianza saa kumi jioni, tukamaliza saa moja na nusu usiku. Vijana wa sarakasi, ambao ndio tegemeo letu, walipopanda jukwaani mwishoni, nusu ya viti vilikuwa vitupu. Tena binti mmoja wa miaka 13 anayeghani mashairi ameniambia kwamba hatapanda tena iwapo atapangwa baada ya wachekeshaji. Je, tupunguze washiriki? Na binti huyu nimjibu nini?
Mlezi, Korogwe

JIBU: Ndugu Mlezi, usimpunguze mtoto hata mmoja kabla hujapiga hesabu. Vipengele 16 vya dakika 6 havifikii saa moja na dakika 40, nanyi mlikaa ukumbini saa tatu na nusu. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya nusu ya muda huo watazamaji wenu hawakuona kipaji cha mtu yeyote, bali waliona ngoma zikiburutwa, maikrofoni ikijaribiwa, na mshereheshaji akiwashukuru wageni rasmi kwa mara ya nne. Kilichowaondoa ni mapengo. Vikundi kama Muungano na Tanzania One Theatre vilichanganya ngoma, sarakasi, vichekesho, maigizo na taarab katika onyesho moja lililoendelea kwa saa kadhaa, na kumbi zikajaa.

Wachekeshaji wenu ndio dawa. Wao hawahitaji zaidi ya kiti kimoja na kanga ya kujifunga, kwa hiyo wanaweza kuchezea mbele ya pazia huku nyuma yake wenzao wakitandika magodoro au kubadili maleba. Badala ya kuwapa kipengele kimoja kirefu, wagawieni vipande vitatu au vinne vya dakika mbili mbili, na mshereheshaji apunguziwe maneno kwa kiasi hicho hicho.

Hesabuni pia muda wa kutuza. Shangazi akiinuka na noti yake, huja akicheza taratibu hadi jukwaani, mjomba humfuata, na shairi la dakika tatu linageuka la dakika tisa. Sishauri mwazuie, maana kwa mtoto noti ile ina uzito kuliko makofi; wekeni kapu ukingoni mwa jukwaa, nao watuze kipengele kinapomalizika. Katika sarakasi pekee kuweni wakali: mtu yeyote asisogee wakati watoto wamesimama mabegani mwa wenzao.

Hao wa sarakasi msiwaweke mwisho tena. Mtoto aliyepasha misuli saa tisa akakaa hadi usiku amekwisha kupoa, na ndiye anayeteguka kifundo cha mguu. Wapangeni mapema, labda kipengele cha nne au cha tano, kisha mfungie kwa ngoma ya wote, kwa kuwa muda ukiwaishia ngoma inaweza kukatwa popote, lakini mnara wa watu hauwezi. Fanyeni mazoezi ya mwisho kwa maleba na kwa saa mkononi, mkipima zaidi kuingia na kutoka kuliko vipengele vyenyewe, ambavyo naamini vijana wanavijua vizuri.

Kuhusu binti, mimi naona ana haki. Watu waliokwisha kucheka huendelea kutafuta cha kuchekea, na kituo cha kwanza cha pumzi yake watakijaza kicheko. Mpangeni baada ya ngoma: mpigaji mmoja abaki jukwaani akipunguza mdundo hadi uzime, binti aingie mdundo ukiwa bado unasikika, asimame kimya kwa muda wa pumzi tatu, ndipo aanze ubeti wa kwanza. Mwambie hivyo kabla hamjabandika ratiba ukutani, kisha mwache achague mpigaji mwenyewe.