Mwanafamilia au Mtumishi wa Ndani?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 22 kutoka Moshi, na huu ni mwezi wa tatu tangu nije Ujerumani kuishi na familia yenye watoto wawili, karibu na Kassel, kwa mpango wa au pair, yaani kijana anayeishi na familia ya ugenini, akiwasaidia watoto na kazi nyepesi za nyumbani kwa posho huku akijifunza lugha. Wenyeji wangu si watu wabaya, ila kazi inaongezeka kila wiki. Nilianza kwa kuwapeleka watoto chekechea na kuwaandalia kifungua kinywa. Sasa ninapiga pasi nguo za nyumba nzima, ninapiga deki, na Jumamosi mbili zilizopita nimekaa na watoto hadi saa sita usiku. Tena, naona aibu kulisema hili, mara nyingi ninalala na njaa. Nikilalamika nitaonekana sina shukrani, maana wamenikatia bima na wananiita mwanafamilia. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naomba nianze na njaa, kwa sababu nadhani hayo mengine yametoka mlango huohuo.

Mezani jioni huwekwa mkate mweusi, jibini, vipande vya nyama baridi na matango ya siki, na kila mtu ana kibao chake cha kukatia mkate. Mama mwenye nyumba anakuuliza kama utaongeza. Wewe, kwa adabu uliyolelewa nayo, unajibu "danke", yaani asante, ukitazamia abembeleze mara ya pili na ya tatu kama ambavyo angefanya mama yeyote wa Kilimanjaro. Yeye anaitikia kwa kichwa, anafunika jibini na kuirudisha kwenye friji. Hakukunyima. Mjerumani akikukaribisha kitu ukamjibu "danke" peke yake, husikia kwamba umekataa. Anayetaka husema "ja, bitte", yaani ndiyo, tafadhali, au "ja, gerne", yaani ndiyo, kwa furaha. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi huko nilikonda wiki tatu nzima kabla ya kuambiwa jambo hili, na aliyeniambia alikuwa Mganda.

Sasa tazama kazi kwa jicho hilohilo. Ulipopewa pasi ulinyamaza, na kwetu kunyamaza kwa mgeni ni heshima inayomtaka mwenyeji ajihoji. Kwao aliyenyamaza ameridhika, na wiki inayofuata anaongezewa ndoo ya deki. Usinune ukitegemea watang'amua, wala usiwatume watoto. Taratibu za huko zimewekwa kwa tarakimu, nawe zungumza kwa tarakimu: kazi isizidi saa 6 kwa siku na saa 30 kwa wiki, na saa za kukaa na watoto usiku zimo humohumo. Kila wiki una haki ya siku moja na nusu ya mapumziko, na angalau Jumapili moja kwa mwezi iwe yako. Posho ni euro 280 kwa mwezi, pamoja na euro 70 za kuchangia kozi ya lugha. Bima ni wajibu wao, kwa hiyo deni hilo la shukrani lifute. Lakini nikuambie na lisilokupendeza: kufua na kupiga pasi ni miongoni mwa kazi nyepesi zinazoruhusiwa, hivyo usigombane na pasi, gombana na saa.

Chukua daftari, uandike kwa wiki moja saa ya kuanza na ya kumaliza kila kazi, Jumamosi usiku ikiwemo. Kisha omba miadi, kwa mfano nusu saa Jumapili baada ya kifungua kinywa, badala ya kumvizia baba akifunga viatu. Siku hiyo weka daftari na mkataba mezani, useme hesabu yako mapema, kwa kuwa salamu zetu ndefu zitawafanya wasubiri jambo wasilijue ni lipi.

Neno "mwanafamilia" lisikulegeze. Hata sisi, tuseme ukweli, tuna wasichana wa kazi tunaowaita watoto wetu huku wakiamka saa kumi alfajiri na kulala wa mwisho.

Mazungumzo yakishindikana, unaweza kuhamia familia nyingine. Usiondoke kwa hasira usiku na begi: soma kwanza kifungu cha notisi katika mkataba, zungumza na wakala aliyekupeleka ikiwa yupo, na uarifu ofisi ya wageni ya eneo lako mapema, kwa sababu kibali chako kimefungamana na mpango huu. Muda wake hauzidi mwaka mmoja, na miezi uliyokwisha kukaa haihesabiwi upya kwa familia mpya.

Lakini hayo ni ya baadaye. Leo jioni ukiulizwa kama utaongeza mkate, sema "ja, gerne", kisha usogeze kibao chako.