Breki za mbele za hatchibaki: kabla hujakimbilia diski kubwa

Mtu anayeanza kujifunza kuboresha breki za mbele kwenye Vitz, IST, Starlet au Passo hukimbilia kuuliza afunge diski ya ukubwa gani. Kwanza jiulize gari linashindwaje kusimama, maana kila aina ya kushindwa ina dawa yake.

Kama ukikanyaga sana matairi yanafunga na gari linaserereka, breki zako zina nguvu kuliko tairi. Diski kubwa haitakufaa hata chembe. Fedha hiyo peleka kwenye tairi nne nzuri na upepo sahihi. Kama pedeli inazama au ni laini kama sifongo, tatizo ni hewa, mafuta ya breki yaliyochoka, hozi zilizovimba au shuu za nyuma (zile zinazosugua ndani ya drami) zilizolegea. Lakini kama gari linashika vizuri mara ya kwanza na ya pili, halafu katikati ya mteremko pedeli inabaki ngumu, unakanyaga kwa nguvu zote na gari halishiki, huku harufu ya kuungua inaingia ndani, hapo ndipo kuna ugonjwa wa joto. Diski kubwa au nene inatibu huo peke yake.

Piga hesabu kidogo uone. IST yenye watu wanne ina kilo 1,250 hivi. Kuisimamisha kutoka kilomita 100 kwa saa ni kugeuza kilojuli 480 kuwa joto, na kama asilimia 70 ya kazi hiyo inabebwa na magurudumu ya mbele. Kila diski ya mbele inapata kama kilojuli 170. Diski ya kilo 4 itapanda karibu digrii 92 kwa kusimama huko mara moja. Ya kilo 5.5 itapanda digrii 67. Sasa shuka mteremko wa Kitonga au ule wa Mai Mahiu mguu ukiwa juu ya breki. Kila mita 500 za kushuka ni zaidi ya kilojuli 6,100, sawa na kusimama kutoka kilomita 100 mara kumi na mbili bila kupumzika. Sehemu fulani inachukuliwa na upepo na injini, lakini dereva anayeteremka kwenye D bila kurudisha gia anaiachia diski karibu yote. Kwa hiyo hata ukifunga diski za ukubwa wa sinia, teremka na gia ya chini.

Ngazi ya kwanza ya kuboresha breki haibadilishi ukubwa wowote: diski mpya za saizi ileile, pedi nzuri, mafuta mapya, pini za kalipa (kibanio cha pedi) zinazoteleza na shuu za nyuma zilizorekebishwa. Magari mengi yanayosemwa yana "breki ndogo" yana breki mbovu tu. Fanya ngazi hii, endesha wiki mbili, ndipo uamue kama unahitaji ya pili.

Ngazi ya pili ni kuchukua diski, braketi (chuma kinachoshikilia kalipa) na kalipa za gari la ukoo uleule lenye injini kubwa zaidi. Mfano unaofahamika sana ni wa Volkswagen Golf ya kizazi cha pili. Matoleo ya kawaida yalikuwa na diski nzima, yaani isiyo na njia za upepo katikati, ya kipenyo cha milimita 239. GTI, toleo la kasi, ilibaki na 239, ila diski ikawa ya unene wa milimita 20 yenye njia za upepo katikati. Toleo la vali 16 likapewa 256, na G60 ikapewa 280. Angalia hatua ya kwanza hapo: kipenyo hakikuguswa, kilichoongezwa ni chuma na upepo. Kama gari lako lina diski nzima, basi kuhamia kwenye diski yenye njia za upepo ndiyo faida kubwa kuliko zote utakazonunua. Diski zilizotobolewa matundu usoni ziache madukani. Kwenye gari dogo la barabarani hazikupi chochote, na nyufa huanzia kwenye hayo matundu.

Usinunue kwa jina la gari. Nunua kwa vipimo, venia (rula ya kupimia milimita) mkononi, iwe Kariakoo, Kirinyaga Road au popote. Nyingi za hizi Toyota ndogo zina stadi nne (boliti za kushikia gurudumu) kwenye duara la milimita 100 na tundu la katikati la milimita 54.1, lakini kulingana huko hakutoshi. Pima kimo cha kofia ya diski, yaani kutoka uso unaokaa kwenye habu (kitovu kinachobeba gurudumu) hadi uso wa msuguano. Kikitofautiana milimita 2 tu na cha seti ilikotoka braketi, diski haitakaa katikati na pedi moja itasuguliwa moja kwa moja. Pima umbali kati ya matundu mawili ya boliti za braketi. Soma unene wa mwisho uliochongwa kwenye kofia au ukingoni, ulioandikwa MIN TH. Diski ya mtumba iliyobakiza nusu milimita kufika hapo ni chuma chakavu, muuzaji aseme atakavyosema.

Halafu kuna rimu. Rimu ya inchi 13 kwa kawaida inaishia diski ya milimita 240 hivi, 14 inakwenda mpaka kama 258, na 15 inafika karibu 280. Mambo yanaharibiwa na mgongo wa kalipa, si diski. Kata boksi gumu lifuate umbo la kalipa mpya kuanzia katikati ya habu, liingize ndani ya rimu tupu na ulizungushe duara zima. Liwe na nafasi ya milimita 3 au zaidi kila mahali, na ukumbuke zile risasi za kubalansi zinazobandikwa kwa ndani. Risasi ikigusa kalipa, itang'oka siku ya kwanza.

Angalia pia pistoni za kalipa. Ukitoka pistoni ya milimita 48 kwenda 54, eneo linaongezeka kwa asilimia 27, na masta silinda ileile (pampu inayosukumwa na pedeli) lazima isukume mafuta zaidi kwa kiasi hicho. Pedeli inakwenda mbali zaidi, na mbele inaelemewa kuliko mtengenezaji alivyopanga. Ukipata seti yenye diski kubwa na pistoni zinazolingana na zako, chukua hiyo.

Pedi za bandia zimejaa madukani. Nyingi za halali zina herufi mbili ukingoni mwa mstari wa namba, kama EE, FF au GG. F ni msuguano wa 0.35 hadi 0.45, G inaanzia 0.45. Herufi ya kwanza ni ya pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ni ikiwa moto. FF inatosha kabisa kwa gari la nyumbani. Isiyo na alama yoyote, yenye rangi iliyopakwa mpaka juu ya uso wa kusugua, irudishe dukani.

Vya kuandaa: diski mbili, pedi seti moja, washa mpya za shaba nne kama unabadilisha kalipa, mafuta ya DOT 4 nusu lita kwa mbele peke yake au lita moja kama utabadilisha yote, grisi ya silikoni ya breki, dawa ya kupuliza ya kusafishia breki, brashi ya waya, klampu ya seremala, mpira mwembamba unaoonyesha ndani, soketi za 14, 17 na 21, na spana ya kupimia nguvu. DOT 3 na DOT 4 zinachanganyika. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki na hizo, usiiguse. Chupa iwe imefungwa, kwa sababu mafuta haya hunywa unyevu wa hewa: DOT 4 mpya inatakiwa ichemke si chini ya digrii 230, ikishanywa maji kiwango hicho kinashuka hadi 155. Chupa iliyofunguliwa mwaka jana na kuachwa rafuni, hasa mji wa pwani, itupe.

Egesha kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, weka mawe au magogo magurudumu ya nyuma, legeza nati kabla tairi haijaacha ardhi, kisha inua gari kwa jeki na uweke stendi. Jeki peke yake si stendi, na tofali la kuchoma hupasuka. Fungua upande mmoja hadi umalize, wa pili ukiwa mzima uwe ramani yako.

Fungua pini mbili za kalipa kwa 14, inyanyue na uifunge kwa waya kwenye springi. Ikining'inia kwa hozi, nyuzi za ndani hukatika na kwa nje huoni kitu. Boliti mbili za 17 zinatoa braketi. Diski ikigoma, usiipige nyundo ukaua beringi: diski nyingi za Toyota zina matundu mawili yenye nyuzi kwenye kofia. Ingiza boliti mbili za M8, zikaze kwa zamu, robo mzunguko kila moja, na diski itaruka yenyewe.

Sasa umefika mahali ambapo wengi huharibu. Uso wa habu una kutu, na kutu hiyo ikibaki, diski mpya inakaa upande. Chembe ya sehemu moja ya kumi ya milimita hapo katikati inakuwa mbili za kumi kwenye ukingo wa diski, wakati Toyota nyingi zinaruhusu 0.05 tu. Hutasikia chochote siku hiyo. Lakini kila mzunguko pedi zinalamba sehemu ileile, na baada ya kilomita elfu kadhaa unene umepishana na usukani unatetemeka ukifunga breki kwenye mwendo. Hapo ndipo lawama zinapomwangukia muuzaji, eti diski "imepinda". Sugua habu mpaka chuma king'ae, zunguka kila stadi, pamoja na ile midomo midogo kuzunguka shina zake, kisha pitisha kidole. Kidole kikikwama, endelea kusugua.

Diski mpya ina mafuta ya kuzuia kutu. Ioshe kwa dawa ya breki, au kwa sabuni na maji ya moto kisha uikaushe. Weka nati mbili kuibana ikae, rudisha braketi. Boliti hizi kwa magari ya ukubwa huu hukazwa kwa nguvu ya kati ya Nm 88 na 107 kutegemea toleo, pini za kalipa ni karibu Nm 34, na mwongozo wa gari lako ndio wenye neno la mwisho. Futa pini, zipake grisi ya silikoni kidogo. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha mipira, na pini hugoma ndani ya miezi michache, ndipo unakuta pedi ya ndani imeisha na ya nje ni mpya.

Kama unabaki na kalipa yako, rudisha pistoni kwa klampu huku nipo ya upepo (skrubu ya kutolea hewa kwenye kalipa) ikiwa wazi na mpira wake umeingia chupani, ili uchafu utoke nje badala ya kurudi kwenye masta na ABS. Funga nipo kabla hujaachia klampu.

Ukibadilisha kalipa, angalia nipo iko wapi. Lazima iwe juu. Kalipa za kushoto na kulia huingia kwenye pande zote mbili bila kulalamika, lakini ukizibadilishana, nipo inakuwa chini na hewa inabaki juu milele. Ukitoa upepo mara kumi pedeli bado ni sifongo, chungulia huko kabla hujanunua masta. Hozi ikazwe kwa washa mpya, karibu Nm 30, kisha zungusha usukani mwisho hadi mwisho uone kama inajikunja au inagusa tairi.

Kutoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mafuta, kunahitaji watu wawili na lugha moja: "kanyaga," unafungua nipo, mafuta yanatoka, unafunga, ndipo "achia." Mwenzako akiachia kabla hujafunga, hewa inarudi. Chini ya pedeli weka kipande cha ubao ili isifike mwisho, kwa sababu masta ya zamani ina kutu sehemu isiyozoea kutembelewa, na sili zikipita hapo zinachanika. Mafuta kwenye chupa iliyo juu ya masta yasishuke chini ya MIN hata mara moja. Tone likiangukia rangi ya gari, mwagia maji papo hapo.

Baada ya hapo rekebisha shuu za nyuma kwa gurudumu la meno lililo ndani ya drami mpaka zisikike zikigusa kidogo. Mara nyingi pedeli inayokwenda mbali chanzo chake ni huku nyuma, na watu wanamaliza fedha mbele.

Kabla gari halijasogea hata mita moja, piga pedeli mpaka iwe ngumu. Usipofanya hivyo, mkanyago wa kwanza unakwenda sakafuni na gari linaingia ukutani. Washa injini, kanyaga kwa nguvu dakika moja. Ikizama polepole, kuna mahali panavuja.

Kuzoeanisha pedi na diski mpya, tafuta barabara tupu: toka kilomita 60 kwa saa shuka hadi 20 kwa nguvu ya wastani, mara nane au kumi, ukiacha nusu kilomita katikati. Usisimame kabisa huku mguu uko kwenye breki, pedi ya moto huacha alama yake kwenye diski. Endesha taratibu dakika kumi zipoe. Kwa kilomita 200 za mwanzo usifunge breki za ghafla ila kwa dharura.

Ukirudi nyumbani, sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Upande mmoja ukiwa moto zaidi waziwazi, pini au pistoni imegoma, na gari likivuta upande huo ni jambo hilohilo. Nati za tairi ni Nm 103. Zikaze tena baada ya kilomita 100, ukimulika nipo na viungo vya hozi kwa tochi kama kuna unyevu.