Mdogo Wangu, Nenda Hiyohiyo Januari

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa kijana mmoja wa Dodoma. Amepata kozi fupi Ujerumani, inaanza Januari, na ikiisha atabakiwa na siku chache za kutembea kabla viza haijamalizika. Aliniuliza hivi: "Dada, huku nyumbani wananiambia niombe kusogezewa mpaka kiangazi, eti Ulaya ya baridi haina cha kuona, mtu unajifungia ndani tu. Wewe uliwezaje?"

Nilimjibu palepale: nenda. Lakini swali lake limenikaa kichwani, kwa sababu maneno hayo na mimi niliambiwa, na aliyeniambia hakuwa na nia ya kunisaidia. Nilikuwa nakata tiketi kwenye ofisi moja ya safari Dar es Salaam. Mhudumu akaangalia tarehe, akamgeukia mwenzake, akasema kwa sauti mbele ya wateja: "Huyu anatoka Tanga anakwenda na Desemba, atarudi kwenye boksi." Watu wakacheka. Nililipa, nikachukua tiketi yangu, nikatoka. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma. Na mpaka leo, kila nikiweka picha yangu niliyopiga kwenye theluji, namwazia yule mhudumu.

Miji ya kale ya Ulaya nimeitembea kwenye baridi wakati nasoma shahada ya pili mashariki mwa Ujerumani, na mingine nikairudia kiangazi. Nasema bila kusita kwamba niliiona kweli ile mara ya baridi. Nisikilize, maana wanaokwambia usubiri wengi wao hawajawahi kufika.

Nilianzia Dresden, uliokuwa karibu na chuo. Katikati ya mji kuna soko la Krismasi linaloitwa Striezelmarkt, na lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1434. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, soko lile lilikuwa tayari na miaka zaidi ya sitini! Nilipoingia, kilichonisimamisha ni harufu. Wanachemsha mvinyo mwekundu kwenye masufuria makubwa, wanatia mdalasini, maganda ya machungwa na karafuu. Mimi ni mtu wa pwani. Kusimama kwenye baridi inayokata masikio na kusikia harufu ya karafuu kutoka kwenye sufuria la Mjerumani, machozi yalinilenga. Kama hutumii pombe, mimi pia situmii: ipo juisi ya moto wanayowauzia watoto, yenye viungo vilevile. Bei ya kinywaji inaambatana na dhamana ya kikombe. Ukirudisha kikombe unarudishiwa pesa yako. Wageni wengi hawajui, wanaacha vikombe mezani na hela zao ndani yake.

Kutoka sokoni, mwendo mfupi kwa mguu, unafika kanisa la Frauenkirche. Usiku wa tarehe 13 Februari 1945 ndege za Waingereza, na baadaye za Wamarekani, zilianza kuupiga mji huu mabomu. Kanisa lilivumilia moto siku mbili, likaanguka tarehe 15. Kifusi chake kilikaa palepale miaka yote ya Ujerumani Mashariki, na kanisa halikufunguliwa tena mpaka mwaka 2005, baada ya kujengwa upya. Mawe yaliyookolewa kutoka kwenye kifusi yalirudishwa ukutani, ndiyo yale meusi. Mapya ni meupe. Kiangazi, jua likiwaka na vikundi vya watalii vimejaa uwanjani, unaona kanisa zuri na basi. Siku niliyofika mimi theluji ilikuwa imeshika kwenye kingo za ukuta, na yale mawe meusi yalijitokeza moja moja, mengine makubwa, mengine kipande tu kilichobanwa katikati ya meupe. Nilivua glavu nikaligusa moja. Lilikuwa kavu, lenye chengachenga, na baridi yake ilinipanda mpaka kwenye kiwiko. Kila mwaka tarehe 13 Februari jioni wakazi wanashikana mikono kuuzunguka mji wa kale, na usiku kengele za makanisa zinalia. Mtalii wa Julai atayapata wapi hayo?

Na Dresden hiyohiyo aliwahi kuishi Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said wa Zanzibar. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, akahamia Hamburg mwaka 1867. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu ya farasi, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ambayo hakuwa na ndugu hata mmoja. Aliijua baridi ya Hamburg, Dresden, Rudolstadt na Berlin, na alifia Jena mwaka 1924. Nilipokuwa natembea kando ya mto Elbe nilimfikiria yeye sana. Hakuwa na simu ya kumpigia mama jioni. Sisi tuna video, tuna hita ukutani, tuna basi la kurudi, halafu tunaogopa!

Praha (Prague), mji mkuu wa Jamhuri ya Cheki, ndiyo iliyonimaliza. Mwezi Januari jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi, kwa hiyo hata mtu asiye mwamkaji anaweza kuwahi alfajiri. Nilifika kwenye Daraja la Charles taa za barabarani bado zinawaka. Lilianza kujengwa mwaka 1357, enzi za mfalme Charles wa Nne, na pande zote mbili limepangwa sanamu za watakatifu, 30 kwa jumla. Kila sanamu ilikuwa na kofia ya theluji. Watu tulikuwa wachache sana: mimi, mzee mmoja na mbwa wake, na mfanyakazi wa mji aliyekuwa akimwaga changarawe ili watu wasiteleze. Alinionyesha kwa mkono nipite upande aliokwisha kumwaga. Kuna sanamu ya mtakatifu Jan wa Nepomuk, padri aliyetupwa kwenye mto Vltava mwaka 1393, na chini yake kuna kibao cha shaba ambacho watu wanakigusa kwa kuomba baraka mpaka kimeng'aa njano. Nilisimama pale nikakiangalia nilivyotaka, hakuna aliyenisukuma. Niliporudi mwezi wa saba nilikuta umati umejazana kama Kariakoo ya kuamkia Idi, kila mtu ameinua simu, na hicho kibao sikukifikia.

Halafu nenda uwanja wa Wenceslas, mbele ya Makumbusho ya Taifa. Tazama chini. Kuna msalaba wa shaba umelala kwenye mawe ya njia, umevimba kama vile kuna mtu chini yake. Ndiyo sehemu ambapo Jan Palach, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye miaka 20, alijichoma moto tarehe 16 Januari 1969, kupinga nchi yake kukaa kimya baada ya vifaru vya Kisovieti kuingia mwezi Agosti mwaka uliotangulia. Alikufa siku tatu baadaye. Nilipita pale Januari nikakuta mishumaa inawaka kwenye vikombe vya glasi, mingine imezimwa na theluji. Msichana mmoja wa rika langu alichuchumaa akawa anaiwasha tena iliyozimika, mmoja baada ya mwingine, akiukinga moto kwa mkono. Hakupiga picha. Alipomaliza akaenda zake kupanda tramu.

Vienna nitaipita haraka, kwa sababu picha zake mmeshaziona. Ingia kwenye mkahawa wa zamani, agiza kahawa moja, itakuja na glasi ya maji, na hakuna atakayekufukuza hata ukikaa saa mbili ukikausha soksi. Lakini msome Angelo Soliman kabla hamjafika. Alichukuliwa Afrika akiwa mtoto, akauzwa utumwani, akaja kuwa mtu msomi anayeheshimika katika mji ule. Alipofariki mwaka 1796 ngozi yake ilijazwa na kuwekwa kwenye maonyesho ya mfalme, binti yake akiomba apewe mwili wa baba yake auzike na wakimkatalia. Maonyesho hayo yaliungua mwaka 1848. Nimekunywa kahawa ya Vienna nikijua hilo, na ndivyo nilivyotaka kuinywa.

Budapest watu wanakwenda kwa ajili ya maji moto, na wana haki. Bafu za Széchenyi zilifunguliwa mwaka 1913, maji yanatoka chini ya ardhi yakiwa ya moto, na mabwawa makubwa yako nje. Kutoka mlangoni hadi majini ni hatua chache za mateso, kandambili zinagonga barafu, halafu unazama mpaka shingoni na mwili wote unashukuru. Mvuke ulikuwa mzito kiasi kwamba wazee waliokuwa wakicheza sataranji ndani ya maji niliwasikia kabla sijawaona. Usiende bila kandambili na taulo lako.

Lakini jioni ileile tembea kando ya Danube, upande wa Bunge. Kuna jozi 60 za viatu vya chuma, zimepangwa ukingoni tangu mwaka 2005. Majira ya baridi ya 1944 na 1945 wanamgambo wa Arrow Cross, chama cha kifashisti cha Hungaria, waliwasimamisha Wayahudi ukingoni pale, wakawaamuru wavue viatu kwanza, kwa kuwa viatu vilikuwa na thamani, ndipo wakawapiga risasi waangukie mtoni. Viatu vya watoto vimo. Kimoja nilikikuta kimejaa barafu mpaka juu, na ndani ya barafu mtu alikuwa amechomeka ua jekundu likagandia humo. Nilikuwa nimevaa buti na soksi mbili na bado vidole vilikuwa vinauma. Wao walisimama pekupeku.

Mnaona ninachowaambia? Mambo mengi yaliyoifanya miji hii iwe ilivyo yalitokea kwenye baridi hiyohiyo mnayoambiwa muikimbie. Hata yetu. Mkutano wa Berlin, ule uliowawekea mataifa ya Ulaya kanuni za kujitwalia Afrika, ulifunguliwa tarehe 15 Novemba 1884 na kufungwa tarehe 26 Februari 1885. Siku iliyofuata Kaiser, mfalme wa Ujerumani, akatia saini hati ya ulinzi juu ya nchi ambazo Mjerumani Carl Peters alidai kupewa kwa mikataba: Usagara, Nguru, Ukami na Uzigua. Uzigua ni kwa bibi yangu. Walilimaliza jambo letu wakiwa wamevaa makoti, kando ya moto. Kijana wa Kitanzania ana kila sababu ya kusimama Berlin mwezi wa pili akaisikia baridi hiyo usoni.

Sasa mambo ya kujiandaa. La kwanza ni miguu. Mawe ya barabara za kale yakishika barafu yanateleza vibaya, na miguu ikilowa siku yako imekwisha. Nunua buti zenye soli nene ya mpira, zikuzidi namba moja ili ziingie na soksi mbili. Koti usilinunue Ulaya kwa bei ya kukuumiza. Nenda Karume, au Memorial ukiwa Moshi, chambua mitumba kwa subira, utapata koti zito lililokuja kutoka hukohuko. Vaa nguo nyepesi kadhaa zilizopandana kuliko sweta moja nene. Mafuta ya mgando yasikosekane mfukoni, midomo inapasuka. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili kwa sababu baridi inamaliza chaji. Na tena, miguu. Nimesharudia na nitarudia.

Amka mapema, kwa kuwa giza linaingia saa kumi na moja jioni, Desemba hata kabla ya hapo. Baada ya tarehe 6 Januari sikukuu zimekwisha, hosteli zinashusha bei na makumbusho hayana foleni.

La mwisho halihusu baridi. Usiku mmoja basi letu lilisimamishwa mpakani, askari wakapanda. Walipita safu nzima mbele yangu bila kumuuliza mtu, wakafika kwangu wakaomba pasipoti, wakaikagua kwa tochi, wakaniuliza pesa nimeipata wapi. Nilijibu kwa utulivu, nikawapa karatasi moja baada ya nyingine. Walishuka bila neno. Jirani yangu aligeukia dirishani. Kwa hiyo tembea na pasipoti yenyewe, barua ya chuo, bima na uthibitisho wa hosteli, vyote vimechapishwa kwenye karatasi, kwenye begi la mkononi. Picha ya simu haitoshi. Na usikubali tukio hilo likupokonye safari. Umefika pale kihalali, kaa kwenye kiti chako.

Mdogo wangu wa Dodoma, soko la Dresden utakuta limefungwa, linakwisha mkesha wa Krismasi, lakini hayo mengine yote yatakuwepo. Kama kozi inaisha katikati ya Januari, anza na Praha ili tarehe 16 ikukute pale, kisha shuka Budapest. Nitumie tarehe zako kamili nikuangalizie hosteli zilizo karibu na stesheni. Na koti usinunue bado: kaka yangu ana lake zito, liko Tabata halivaliwi. Ukija Dar kufuata viza, lipitie.